Bafle ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Ninyi vijana mnaofunga sinema za nyumbani katika majumba mapya ya Ruashi, mmezoea kunijia hapa Katuba na swali lile lile. Mnakaa kwenye benchi langu, mnakunywa maji, mnaniuliza afya kwa haraka haraka, kisha mnasema: Papa Donat, kuna bafle moja inaongea polepole, spika zingine zote ziko sawa, tufanye nini? Huwa nawajibu kwa maneno machache na kuwarudisha kazini. Leo nitajibu kwa urefu. Kuna sehemu ya jibu ambayo nimekuwa nikiwaficha.

Nianze na kazi yenyewe, maana nawajua, hamtanisikiliza mpaka mpate mlichokuja kuchukua.

Bafle ikinong'ona, usiifungue. Bisibisi ibaki mfukoni. Kaa kwanza kwenye kiti cha mwenye nyumba, pale anaposikilizia yeye, usikilize kwa masikio yake. Bafle za nyuma ni za mvua, za upepo, za hatua za mtu anayemjia mwenzake kwa nyuma. Watu wa kwenye filamu wakiwa wanazungumza tu, zile za nyuma hunyamaza au hukaribia kunyamaza, na huo si ugonjwa. Nimeitwa mara nyingi kutibu bafle nzima kabisa. Mama mmoja alikuwa ameivika yake kitambaa kizito cha kochi, na juu yake nailoni kwa ajili ya vumbi. Baba mwingine aliigeuza ikatazama ukuta, kwa sababu mke wake hakupenda ule uso wake mweusi. Wote wawili walikuwa na hakika kwamba fundi aliyetangulia alikuwa mwizi.

Ukishasikiliza, tazama kwenye ampli, ile mashine inayozipa bafle zote sauti, kama kuna mtu aliyepunguza sauti ya bafle ile peke yake. Kisha washa ule mvumo wa majaribio, unaozunguka kutoka bafle moja hadi nyingine. Hapo utajua hakika ni ipi inayonong'ona. Sasa zima, badilisha waya mbili za nyuma kwenye ampli, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kama udhaifu umehama, ampli ndiyo mgonjwa. Kama umebaki kwenye bafle ile ile, ampli haina kosa. Basi ichukue bafle uisogeze karibu na ampli, uifunge kwa waya mfupi unaouamini. Ikiongea vizuri, bafle nayo haina kosa, na umebaki na kitu kimoja tu: waya uliopita ukutani. Hakuna tena wa kumshuku.

Leo mnaweka kipaza sauti kidogo katikati ya chumba na mashine inajipima yenyewe. Sawa. Lakini mashine yenu ikikuta bafle dhaifu, inaiongezea nguvu tu na kuendelea. Haiulizi kwa nini.

Mpangilio huo wote nilifundishwa na Papa Mbuyi. Alizaliwa hapa Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, kama mimi. Ila baba yake alitoka jimbo la mbali la Kasai, na wangu alitoka upande wa Kasenga, humu humu jimboni mwetu. Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilikuwa ya chakula tu: kwake bukari, ugali wetu, walichanganya unga wa muhogo, kwetu ilikuwa mahindi matupu, na kila mmoja alimcheka mwenzake mezani. Atelie yake ya kutengenezea redio ilikuwa chumba kimoja hapa Katuba, na dirisha lake liliangalia barabara. Niliingia pale nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, baada ya karakana ya mgodi kuanza kutulipa leo ndiyo, kesho hapana.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kunitukana hata siku moja. Wiki ya kwanza aliniachia ampli ya mteja. Nikachomeka waya bila kusokota vizuri nyuzi zake, na uzi mmoja, mwembamba kama unywele, ukagusa pini ya jirani. Moshi ukatoka, na harufu yake mnaijua. Papa Mbuyi alizima umeme. Alinipa lenzi, akaniambia nimtafutie ule uzi na kumletea juu ya karatasi nyeupe. Nilitafuta asubuhi nzima. Nilipouleta, aliubandika ukutani kwa selotepu, juu ya meza yangu. Ulikaa pale miaka minane. Wateja walipouliza ni nini kile, aliwajibu kwa uso mkavu kwamba ni unywele wa Donat.

Basi siku moja akatujia mhandisi Kazadi, mkubwa katika ofisi za mgodi, naye mtu wa Kasai. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya na mashine ambayo sisi tulikuwa tumeiona katika magazeti tu: ampli moja na bafle tano, mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma. Alitaka tumfungie sebuleni kwake, katika moja ya zile nyumba kubwa za wakubwa wa mgodi. Papa Mbuyi alipima chumba kwa hatua zake, akahesabu waya, akanipa mzingo mmoja wa waya na agizo moja. Nalikumbuka neno kwa neno. "Donat, waya isikatwe katikati. Kama imekatika, unaichoma na soudure, na unaniambia fasi iko." Yaani niiunge kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha nimwambie mahali penyewe.

Nilikata waya za mbele kwa ukarimu, nikaziachia urefu wa ziada, kwa sababu nilitaka zipite vizuri chini ya zulia. Nilipofika bafle ya mwisho, ya nyuma upande wa kushoto, waya ulipungua kama mita mbili. Papa Mbuyi alikuwa upande wa pili akimweleza mhandisi vifungo vya ampli. Kumwita maana yake ilikuwa kukiri mbele ya mkubwa kwamba sijui kukata waya. Kwenye mfuko wangu kulikuwa na kipande kilichobaki cha kazi nyingine. Nilikisokota kwenye ncha ya waya kwa vidole, bila soudure, nikaviringisha utepe mweusi, nikausukuma ule muungano nyuma ya kisanduku cha pazia, juu ya dirisha. Kazi ya dakika mbili.

Na iliongea. Iliongea vizuri kabisa. Mhandisi aliweka kaseti ya filamu, mvua ikaanza kunyesha kutoka nyuma yetu, na mke wake akageuka kutazama dirisha. Sote tulicheka. Nami nilicheka.

Kisha miaka mibaya ikaja, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ninyi mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni kwa mama zenu, na wazazi wenu hawapendi kuizungumzia, kwa hiyo nitaisema mimi. Pesa ilikuwa karatasi tu. Askari walikuwa wameshapora maduka mjini, na raia wakafuata nyuma yao kuokota kilichobaki. Mgodi ulikuwa unakufa huku tunauangalia. Ndipo watu wakubwa wakasimama kwenye mikutano wakasema mwenye kosa ni mtu wa Kasai, arudi kwao. Kwao wapi, mtu aliyezaliwa katika kambi yetu? Hakuna aliyejibu swali hilo, kwa sababu hakuna aliyeliuliza kwa sauti. Vijana walikwenda mlango kwa mlango. Nyumba zilichukuliwa pamoja na masufuria yakiwa jikoni. Familia ya mhandisi Kazadi iliondoka asubuhi moja na masanduku matatu.

Papa Mbuyi alivumilia mpaka mawe yalipoanza kuanguka juu ya bati lake. Walioyarusha aliwajua kwa majina, na redio za baba zao alikuwa amezitengeneza. Alikuja atelie akiwa amevaa koti lake la kanisani, akaniwekea funguo mezani. Alibeba kitu kimoja tu, sanduku lake la chuma la kijani: fer ya kuchomea soudure, mashine ya kupimia, koleo ndogo na bisibisi alizozinoa mwenyewe. Aliniambia, "Miye nakwenda. Hii sanduku tu njo nabeba. Na hii, fasi yoyote nitakula."

Waliokuwa wanafukuzwa walikusanyika stesheni kusubiri treni. Treni haikuja. Walikaa pale wiki baada ya wiki, chini ya maturubai na magunia, juani na mvuani, na watoto wao wakaanza kuharisha. Nilikwenda mara moja na mfuko wa unga. Papa Mbuyi alikuwa amekaa juu ya lile sanduku, binti yake Ntumba, wa miaka kumi na minne, akimtengenezea kivuli kwa kitenge. Aliniuliza habari za ampli iliyokuwa mezani aliponiacha. Nilipotoka, vijana wawili langoni waliniuliza nimemletea nani chakula. Sikurudi tena.

Wiki ya tatu ya kungoja kwao treni, vijana kama wale walikuja atelie. Waliniambia Bwana Mwape ananiita. Huyu Mwape alikuwa karani katika ofisi ya mhandisi Kazadi, aliyekuwa akimpelekea barua za kutia sahihi. Sasa alikuwa anaishi katika nyumba ya mhandisi. Msimfikirie jitu la kutisha. Alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, akaagiza niletewe limonadi baridi. Kwenye fremu ya mlango wa sebule bado kulikuwa na alama za penseli walizopimia watoto wa mhandisi urefu wao, kila moja na jina. Alikuwa na tatizo dogo, aliniambia. Bafle ya nyuma, upande wa kushoto, inaongea kama mgonjwa.

Nilijua kabla sijainuka kwenye kiti. Juu ya kisanduku cha pazia kulikuwa na doa la maji darini, paa lilikuwa limevuja msimu mzima. Shaba iliyosokotwa tu, ikinyeshewa, hushika kutu ya kijani katikati ya nyuzi, na umeme hupita kwa shida. Lakini nilifuata mpangilio wote, hatua kwa hatua, kama nilivyofundishwa. Nilikaa kitini. Nilitazama vifungo. Nilibadilisha waya, udhaifu haukuhama. Nilisogeza bafle, ikaongea vizuri. Kila hatua ilinisogeza karibu na lile pazia, na nyuma yangu walisimama Mwape na vijana wanne, wawili wakiwa na rungu.

Mwape hakuwa mjinga. Aliona bafle ikiongea vizuri pale karibu na ampli. Akaniuliza nani aliifunga mashine hii. Nikasema, ni Papa Mbuyi. Sikusema ni Papa Mbuyi na mimi. Kisha akaniuliza kwa utulivu kabisa.

"Huyu muzee aliharibu kintu mbele ya kwenda? Ju mwenye nyumba asikute muzuri?"

Vijana, swali lile, kama mzee aliiharibu makusudi kabla ya kuondoka, nimelifikiria zaidi ya swali lolote nililowahi kuulizwa. Nilikuwa na majibu mawili ya kweli. Ningeweza kusema: hapana. Au ningeweza kusema: ni mimi, nilisokota waya kwa vidole, nipe muda niuchome. Mwape angecheka, nadhani. Pengine angenitukana. Sidhani kama angenipiga. Lakini nilikuwa nimefanya kazi miaka minane chini ya mtu wa Kasai, na kila mtu Katuba alilijua hilo. Nilisema neno moja.

"Inawezekana."

Mwape akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua zamani. Akaniuliza nahitaji nini. Nikasema sina fer, ya atelie aliondoka nayo mzee. Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilikuwa baya kuliko uongo. Aliwaambia vijana waende stesheni waangalie katika vyombo vya mzee, kama kuna kitu cha mashine hii walete, na walete na fer.

Walipotoka, nilibaki sebuleni na limonadi yangu. Stesheni haikuwa mbali. Ningeweza kuwafuata. Ningeweza kupanda kiti, kufungua ule utepe na kumwonyesha Mwape. Niliendelea kukaa. Alinieleza kwamba anapenda sana filamu za vita, kwa sababu ya helikopta zinazopita juu ya kichwa.

Walirudi na sanduku lote.

Niliuliza kama wamemfanya kitu. Wakasema hapana, mzee hana matata, ametoa mwenyewe. Hakuna kingine walichosema. Basi nilifungua sanduku la mwalimu wangu, nikachomeka fer yake, nikapanda kiti, nikaukata muungano wangu wenye kutu, nikausafisha kwa kisu chake na kuuchoma kwa soudure yake. Niliuchoma vizuri sana. Bafle ikaongea. Mwape aliweka helikopta zake, zikapita juu yetu, akanishika bega kwa furaha. Nilipotaka kuondoka, aliniambia nichukue lile sanduku, yeye hana kazi nalo. Nililichukua.

Nilijiambia nitalipeleka stesheni kesho. Kesho yake watoto wangu walikuwa na homa. Keshokutwa palikuwa na fujo barabarani. Siku ya nne nilisikia treni imefika, watu wamepandishwa kwenye mabehewa ya mizigo na wamekwenda.

Kwa sanduku hilo nilifanya kazi miaka yote iliyofuata. Mliokuwa mkija hapa mmeliona. Baadhi yenu mmeniomba zile bisibisi. Nilinunua vipuri mpakani Kasumbalesa, nilinunua mashine mpya za kupimia, lakini fer ile ilikuwa ya chuma cha zamani, haikuchoka. Atelie ikawa yangu. Bango nje likaandikwa jina langu. Watu walisema Fundi Donat ni mtu wa haki, akikosea anasema. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo.

Sasa mnajua kwa nini niliguna yule mmoja wenu aliposema, mbele yangu, kwamba fundi mzuri ni yule asiyekubali kosa mbele ya mteja.

Miaka mingi baadaye Ntumba, yule binti wa Papa Mbuyi, alirudi Lubumbashi akiwa mama wa watu, muuza vitenge. Alikuwa ameulizia atelie ya baba yake mtaa mzima, wakamleta kwangu. Sikumtambua mpaka alipotaja jina. Nilimpa kiti, nikamwita binti yangu alete maji. Alizungumza taratibu, kwa ile sauti ya chini ya baba yake. Mdogo wake wa mwisho alifia kwenye behewa. Walishuka Mwene-Ditu, huko Kasai, mahali ambapo baba yake hakuwahi kukanyaga. Hapo mzee alijaribu kutengeneza redio kwa msumari mkubwa aliouweka katika makaa mpaka uwe mwekundu. Uliunguza vipuri zaidi kuliko kuviunga, na vidole vyake pia. Mwishowe alichukua jembe, kazi ambayo hakuijua, na hakuishi sana.

Alikuwa anayasema hayo huku macho yake yakiwa kwenye meza yangu. Sanduku lilikuwa pale, wazi, na bafle ya mtu ilikuwa kando yake.

Nilimwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nilimweleza waya, utepe, pazia, swali la Mwape na jibu langu. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Hakulia. Akanieleza jambo ambalo sikulijua.

Vijana wale walipofika stesheni, hawakusema kwamba Donat amemshtaki. Walisema tu Donat yuko kwa mhandisi, bafle ya nyuma ya kushoto imemshinda, anaomba vyombo. Baba yake ndiye aliyefungua sanduku kuwaonyesha fer, na walipochukua sanduku zima hakuwazuia, alidhani Donat atalirudisha jioni. Aliwashika mkono akawaambia wamfikishie Donat maneno haya: asifungue bafle, bafle ni nzima, aangalie nyuma ya pazia. Alijua. Siku ile ya kazi alikuwa amehesabu waya kwa hatua zake, na alipoona waya za mbele zimekatwa ndefu na bado mzingo umefika hadi bafle ya mwisho, alielewa nilichofanya. Alisubiri mimi mwenyewe nimwambie. Miaka yote ile alisubiri.

"Mu treni alikuwa anasema paka ile," Ntumba aliniambia, yaani alirudia lile lile tu njia nzima. "Anasema, bale batoto habatamuambia. Donat atafungua bafle ya bure."

Niliinuka. Niliweka kila kitu ndani ya sanduku, fer, koleo, kisu, bisibisi zote, nikafunga. Ntumba alikagua kifungo chake kwa kidole, kama mtu anayejua kilivyokuwa kinakwama. Nilitaka kumbebea hadi barabarani, akasema hapana, atabeba mwenyewe. Lilikuwa zito, alilihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine kabla hajafika mlangoni. Ile bafle ya mtu niliirudisha kwa mwenyewe kesho yake bila kuigusa, na tangu siku hiyo sikushika kazi tena. Mnaponiuliza kama ni macho au mikono iliyonistaafisha, huwa nageuza mazungumzo. Haikuwa macho wala mikono.

Mlangoni aligeuka akaniuliza jambo moja tu la kazi, kama mtoto wa fundi. Ile waya, vyombo vilipofika, ilikuchukua muda gani kuitengeneza.

Nikamwambia, dakika kumi.